Doa kwenye Barua ya Magesa

Kosa langu la kwanza vitani halikuwa la bunduki. Nilizuia barua ya mwenzangu kwa sababu ilikuwa na doa la wino.

Siku lori lilipokuja kutuchukua sisi mgambo, nilikuwa Manyamanyama kwenye shamba la kijiji, nachuma pamba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeandika jina la kijiji kwenye gunia kwa mkaa, nikalifuta, nikaliandika tena, maana herufi zilipinda. Mama alinicheka. Shule niliishia darasa la tatu. Mwandiko nilijifunza mwenyewe kwa kunakili magazeti ya zamani, na mpaka leo mstari ukipinda moyo unanienda mbio. Saa sita mchana tulikuwa njiani.

Kwenye mafunzo nilikutana na Magesa, mfugaji wa upande wa Butiama. Hakujua kuandika. Wengi hawakujua, hivyo mimi nikawa mwandishi wa barua zao, wakaniita Katibu.

Ng'ambo ya mto Kagera, mimi na Magesa tulikaa siku tatu ndani ya handaki moja tukipigwa mizinga. Huwezi kusimama. Huwezi kutoka hata kujisaidia. Maji ya mvua yalitufika magotini. Siku ya pili, mchana, Magesa alisema, "Katibu, niandikie mke wangu."

Niliweka karatasi juu ya kofia ya chuma. Maneno yake yalikuwa machache. Akifa, mkewe Nyangeta asirithiwe na kaka yake yeye Magesa. Amchukue mtoto, arudi kwao Nyegina.

"Kaka anapigaga wanawake," alisema. "Andika kwamba ni mimi nimekataa. Wazee watasikia."

Kombora likaanguka karibu. Kalamu ikavuja katikati ya karatasi.

"Nitainakili upya," nikasema.

"Inasomeka?"

"Inasomeka."

"Basi itume. Unamwandikia mke wangu au mkaguzi wa shule?"

Jioni mjumbe alitambaa hadi kwetu kuleta maji na kuchukua barua. Nilimpa za wengine. Ya Magesa nikaibakiza mfukoni.

Asubuhi lilikuja kombora moja.

Udongo ulinifunika hadi kifuani.

Mkono wa Magesa ulikuwa begani kwangu, bado una joto. Sikuweza kugeuka.

Nilikaa hivyo, nikiusikia unapoa, mpaka walipokuja kunichimbua.

Baada ya hapo niliinakili barua ile mara nyingi, na kila nakala niliiona ina kasoro. Niliporudi nyumbani, Nyangeta alikuwa amesharithiwa. Nikajiambia kwamba kumpa sasa ni kumwumiza bure. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu.

Sisi tuliorudi tuna klabu yetu mtaa wa Kamunyonge, chumba kimoja cha bati. Walinichagua katibu kwa ajili ya mwandiko. Kila mwaka tunasoma majina ya waliokufa, na jina likisomwa, mtu wa familia anasimama kupokea kikombe cha togwa. Kwa Magesa alikuwa akisimama kaka yake. Nyangeta alikaa nyuma yake, macho chini. Watu wakianza kuondoka, alikuwa akinifuata.

"Shemeji, wenzake uliwaandikia. Wangu hakusema kitu?"

"Nafasi haikupatikana, shemeji."

Nilimjibu hivyo miaka minne.

Mwaka jana nilipofika kwenye jina la Magesa, niliishia kulitazama. Mwenyekiti, sajini wa zamani, akanitania: "Katibu, soma bwana! Unaitazamaga hiyo orodha kama picha ya mchumba!" Watu wakacheka. Nikaiweka orodha chini, nikatoa mfukoni barua ile yenye doa, nikampa Nyangeta mbele yao.

Alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Alifuata mistari kwa kidole. Kidole kikafika kwenye doa, kikasimama.

"Karatasi ya nani hiyo?" kaka yake Magesa aliuliza.

"Ya mume wangu."

Kisha akanitazama. "Ni hili doa tu? Umenifunga miaka yote hii kwa hili?"

 

Nyangeta hakurudi Nyegina. Amezaa wengine wawili pale, na ukoo hautamwachia aondoke nao. Kilichobadilika ni hiki: mwaka huu jina la Magesa liliposomwa, alisimama yeye, akapokea kikombe, na kaka yake Magesa akabaki amekaa. Mimi hakunisalimia. Ukatibu nimeuacha. Watu wakiniomba barua, naandika mara moja tu, na inaondoka siku hiyo hiyo.