Sura ya Nne ya Mwalimu Kadi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Shuleni, kuanzia kwa mwalimu mkuu hadi mtoto aliyeandikishwa juzi, alikuwa Mwalimu Kadi. Jina lenyewe alilitolea jasho. Kila likizo alikusanya maboksi ya sabuni na ya biskuti, akayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, akaviandika silabi kwa kalamu nene. Watoto wa darasa la kwanza walizigombea kadi zile kama peremende. Mgeni yeyote akifika, mwalimu mkuu alimpeleka moja kwa moja kwenye mlango wake, kifua mbele: "Hapa, mheshimiwa, watoto wanajifunza kusoma kwa kucheza."

Kwa hiyo alipojiunga na chuo, akiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, hakuumiza kichwa kutafuta mada ya utafiti. Angepima kama mtoto anayefundishwa kwa kadi anajua kusoma haraka kuliko anayefundishwa kwa kitabu na ubao. Jibu alikuwa nalo moyoni. Kilichobaki, aliona, ni kuliandika kisomi tu.

Msimamizi wake alikuwa mhadhiri mwenye sauti nzito, mtu wa suti hata kwenye joto, na haki yake apewe: kazi ya kufundisha aliijua. Mara ya kwanza Mwalimu Kadi alimpelekea ikisiri, ule muhtasari wa utafiti wote, ukurasa mzima uliopambwa. Msimamizi akacheka.

"Mama, ikisiri inakaa mbele lakini inaandikwa mwisho. Utafupishaje safari ambayo hujaenda?"

Akarudi na sura ya mapitio, ile ya kueleza wengine wameandika nini kuhusu mada yako. Alikuwa amewapanga waandishi mmoja mmoja: huyu alisema hivi, yule akasema vile.

"Umeniletea mkutano wa hadhara," msimamizi akasema. "Kila mtu anapanda jukwaani, anaongea, anashuka. Wagombanishe! Nani anakubaliana na nani? Wapi wote wamenyamaza? Pale waliponyamaza ndipo unapoingia wewe."

Alipenda maneno hayo. Akaenda akaifumua sura yote, akaishona upya. Sura ya tatu, ya mbinu, ndiyo aliyoiandika kwa raha kuliko zote, maana msimamizi alimwambia aieleze kazi yake kiasi kwamba mtu asiyemjua, katika shule asiyoijua, aweze kuirudia bila kumpigia simu. Akaandika kila kitu. Darasa lake la kadi, darasa la jirani la kitabu. Muhula mmoja. Jaribio lilelile, likisimamiwa na mwalimu wa shule nyingine. Akaandika pia kwamba kila mtoto aliyeandikishwa mwanzoni atahesabiwa mwishoni, awe mahudhurio yake ni mazuri au mabaya.

Muhula ukaisha, jaribio likafanyika, akaketi na karatasi Jumamosi asubuhi kwenye darasa tupu, madirisha wazi, vumbi la chaki likielea kwenye jua. Alipomaliza kujumlisha alidhani amekosea. Akajumlisha tena. Akamwita mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisahihisha madaftari chumba cha pili, naye akajumlisha, akamrudishia karatasi bila kumwangalia usoni.

Madarasa yalikuwa sawa. Na pale palipokuwa na tofauti, ilikuwa ndogo, na ilikuwa upande wa kitabu.

Alibaki amekaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Ukutani kadi zake zilining'inia kwenye kamba, safu kwa safu. Miaka yote ile ya mikasi na maboksi! Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Halafu akafuta uso, akachukua kalamu, akaanza sura ya nne, ya matokeo.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye jedwali la pili akaketi.

"Hii haiwezekani," alisema. "Mimi nimeshazungumza na watu wa wizara kuhusu kadi hizi. Kuna mpango, mama. Kuna mradi mzima unakuja."

"Ndicho nilichokipata, Daktari."

Msimamizi akavuta karatasi, akapitisha kidole kwenye majina. "Hawa watoro wa darasa lako, hawa wanaovuta wastani chini. Waondoe. Mtoto asiyefika darasani hajafundishwa kwa kadi, sivyo? Tunasafisha data tu."

"Na watoro wa darasa la jirani tunawaondoa?"

"Wale hawatuhusu."

Mwalimu Kadi akaivuta karatasi upande wake. "Daktari, sura ya tatu nimeandika kwamba kila mtoto atahesabiwa. Wewe mwenyewe uliipitisha. Nikiwaondoa hawa kwenye sura ya nne, sura ya tatu inakuwa uongo."

"Basi irekebishe na ya tatu."

"Baada ya kuona majibu?"

Msimamizi akavua miwani. Sauti ikawa laini, ile ya kumbembeleza mgonjwa anywe dawa. "Mama, kadi ni zako. Nakusaidia ulinde jina lako mwenyewe. Unapigana na nani hapa?"

"Jina nitalilinda mwenyewe," alisema, akaanza kukusanya karatasi zake mezani. "Wewe ulinifundisha kwamba sura ya nne ni ya nilichokiona, na ya tano ndiyo ya ninachodhani. Nilichokiona ndicho hiki."

"Mimi siweki sahihi hapo."

"Sawa."

Akaondoka, na mlango akaufunga taratibu.

Bila sahihi hakuna mahafali. Nyumbani habari ilipokelewa kama msiba. Wifi yake, aliyekuwa ameshashona nguo ya sherehe, alikuja mbio.

"Wifi, hebu nieleweshe. Umeambiwa ufute majina machache, upate shahada, umekataa?"

"Ndiyo."

"Watu wanatafuta wa kuwafutia hawapati!"

Mume wake hakupiga kelele. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na maficho yake yalikuwa ni kujishughulisha na bisibisi hata pasipo kitu cha kufungua. "Mama watoto," alisema mwishowe, "weka wanachotaka, umalize. Ripoti yenyewe nani ataisoma? Itakaa kabatini na mende."

Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu huenda lilikuwa kweli. "Nitaisoma mimi," alijibu. "Na kila Jumatatu nitaingia darasani na watoto wale wale."

Mume akaweka bisibisi chini. Hakukubali, wala hakulirudia tena neno lile.

Mwalimu Kadi akaandika barua kwa mkuu wa idara, akaomba msimamizi mwingine. Akazungushwa: leo mkuu yuko kikaoni, kesho faili halionekani. Akajizoesha kwenda na kazi za wanafunzi, akasahihisha pale pale kwenye benchi la ukumbini hadi katibu akachoka kumwona. Mahafali ya wenzake yalipita akiwa bado kwenye benchi. Wifi alivaa ile nguo kwenye harusi ya mtu mwingine. Hatimaye akapewa mhadhiri kijana aliyesoma ripoti yote, akauliza maswali mawili kuhusu sampuli, akaweka sahihi.

Siku ya kuitetea, msimamizi wa zamani alikuwa miongoni mwa watahini, suti ile ile.

"Kwa hiyo," alianza, "umetumia muhula mzima kuthibitisha kwamba kazi yako ya miaka yote haina maana?"

Watu wawili wakacheka.

"Hapana," alisema Mwalimu Kadi. "Nimepima jambo moja: kasi ya kujua kusoma. Kwa jambo hilo kadi hazikushinda kitabu. Kama zina faida nyingine sikuipima, ndiyo maana hutaiona humu. Na kama kuna anayedai zimeshinda, aonyeshe sura yake ya tatu."

Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye kikohozi, akafungua ukurasa. "Na kwa nini hazikushinda?"

"Sijui. Kwenye sura ya tano nimetoa dhana tatu, na nimesema wazi kwamba hakuna niliyoithibitisha."

Yule mama akaandika kitu. Walimwagiza apunguze majedwali, apange upya marejeleo, na atoe hasira kwenye hitimisho. Majedwali akapunguza. Marejeleo akapanga. Hasira akaipunguza kidogo, isipokuwa sentensi moja iliyosema kwamba watoto watoro nao ni watoto. Hiyo aliirudisha kama ilivyokuwa, na wakaipitisha. Alifaulu kwa alama za kawaida.

Mwalimu mkuu akaacha kumpelekea wageni. Kadi zikashuka ukutani, zikawa za kuchezea wakati wa mvua, na watoto waliendelea kuzipenda vile vile.

Mwaka uliofuata walimu wa shule zote za jirani waliitwa kwenye semina. Ukumbi ulijaa. Afisa aliyesimama mbele alitangaza kwamba kadi za silabi sasa zitatumika kila shule, kwa kuwa utafiti umeonyesha zinaharakisha kusoma. Mwalimu Kadi akanyoosha mkono. Hakuitwa. Akasimama.

"Samahani mheshimiwa. Ni utafiti gani huo?"

Afisa akapekua karatasi zake. "Mwalimu, maswali ni baada ya chai."

"Naomba jina lake tu. Maana huku jirani kadi zilipimwa, na aliyepima ni mimi, na matokeo hayakuwa hayo."

Ukumbi ukageuka kumtazama. Mtu wa nyuma akamvuta kanga, akamnong'oneza, "Dada, kaa chini, utajiharibia kazi."

"Tafadhali keti, mwalimu," afisa akasema. "Tutalijibu kwa wakati wake."

"Asante," alisema Mwalimu Kadi. "Nitasubiri nikiwa nimesimama."