Mafuta ya Jiko, Njia ya Mtaa

Mama alikuwa akinisema kwamba nilizaliwa wa miezi saba kwa sababu sikuweza kungoja, na kweli sijawahi kuweza. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, niliyekuwa nikishindwa kumngoja ni yeye mwenyewe. Alibaki peke yake ghorofani, Mji Mkongwe, mgongo unamuuma, ngazi zinamshinda, nami nilitaka ahamie kwetu Kiembe Samaki. Alikubali kwa sharti moja.

"Nnakuja, mwanangu, lakini gari inifikishe mlangoni. Kutembea siwezi."

Kufika mlangoni ndiyo ilikuwa kazi. Kutoka barabara ya lami hadi kwetu palikuwa na njia ya udongo yenye mashimo ya kuogelea bata. Jirani yetu mwenye teksi aliliacha gari lake kule lamini kila jioni, akaja nyumbani kwa miguu. Kila siku nilimuuliza mume wangu njia itatengenezwa lini, na kila siku alinijibu kwamba watazungumza. Mimi silali, sikai, nafagia ua ambao nimeshaufagia.

Mwishowe wanaume wakakutana barazani kwetu baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nyuma ya pazia, nawapikia chai. Wenye vyombo vya moto wakasema wao hawachangi kitu.

"Sisi tushalipa," alisema mume wangu, mwenye vespa. "Kodi ya barabara imo ndani ya bei ya petroli. Kila nkijaza tangi nshatengeneza njia. Wachange wasionunua petroli."

Wote wakamgeukia jirani mwenye gari la ng'ombe, aliyekuwa akibeba mawe ya kujengea.

"Ng'ombe wangu anakula majani," akajibu. "Na hizo pesa zenu za petroli, mbona hapa hazifiki? Nendeni mkazidai."

Wakavutana hivyo, na kila mmoja ana haki yake mkononi. Chai nayo haichemki. Kutazama jiko, utambi unafuka moshi, mafuta yamekwisha, na jana yake tu nilikuwa nimejaza dumu. Tena haikuwa mara ya kwanza. Nikaenda uani, nikafungua tangi la vespa, nikanusa. Damu ikanipanda. Nyani haoni kundule! Nikatoka barazani na dumu tupu mkononi, hata ushungi sikuuweka sawa.

"Bwana, mafuta yangu ya taa yamelipa kodi gani ya barabara?"

Hapakuwa na asiyejua kwamba mafuta ya taa ni rahisi, kwa kuwa kodi hiyo hayana, na kwamba watu wanayachanganya na petroli. Mwenye ng'ombe alicheka hadi akashika mbavu.

"Shemegi, hebu muulize na mwenye teksi!"

Mwenye teksi akaanza kuvitazama viatu vyake. Wote walikuwa wakiidai njia ambayo hawakuilipia.

Aibu ikafanya kazi ambayo maneno yalishindwa. Gari la ng'ombe likaleta kifusi, wanaume wakashika majembe, mume wangu mbele yao na uso umemshuka. Mama akaja kwa teksi ya jirani hadi mlangoni. Aliposhuka alinusa hewa, akaniuliza, "Mbona gari ya huyu yanuka jiko?"

Nilicheka, lakini roho yangu haikutulia. Nilijua wanaendelea kuchanganya.

Masika yakakichukua kifusi chote, na teksi ikarudi kulala lamini. Nilikuwa nimemwahidi Mama kumpeleka Mjini kuwaona wenzake. Kila Ijumaa alivaa buibui lake, akakaa kitini kungoja gari, na mimi nikitoka njiani na kurudi, nikitoka na kurudi. Wanaume wakakutana tena barazani, wakasema yale yale, ya petroli na ya majani. Safari hii sikutoka na dumu. Nilikuwa nimechoka nao.

Mama alitoka kwetu mara moja tu, mabegani mwa wanaume wale wale. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hivyo nilisimama mlangoni nikiwatazama. Jeneza likayumba kwenye shimo la kwanza, likayumba tena kwenye la pili. Nilitaka kuwapigia kelele waende taratibu, mgongo unamuuma.