Tope Lililogoma

Kazi yangu ni kuchunguza tope la bahari na vijidudu wanaoishi humo. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mnyuzi na chupa mbili za tope, nikaziweka dirishani zipate jua. Tope la kwanza nililichota kwenye mikoko. Taratibu likaota mistari ya kijani na zambarau, kila rangi na jamii yake ya vijidudu. La pili nililichota pale mfereji wa kiwanda unapomwaga maji machafu baharini. Hilo lilibaki jeusi, linanuka kama mayai viza.

Mama alizoea kuziamkia chupa zile kila asubuhi. "Hawa weusi bado hawajapata nafuu?" alikuwa akiniuliza.

Siku moja nilitoka sokoni Korogwe nikakuta amechota kijiko cha tope la mikoko, amelitia kwenye lile jeusi. Utafiti wangu ulikuwa umeharibika, na hasira sikuweza kuificha.

Mama aliendelea kusuuza kibuyu chake cha maziwa. "Mwanangu, maziwa yakigoma kuganda, si tunaomba kidogo yaliyoganda kwa jirani, tunachanganya?"

Kisha nikaisogeza chupa nyeusi karibu zaidi na jua.