Kishikio cha Shaba

Kila asubuhi mzee alijua binti yake ameondoka kwa sauti ya kufuli. Kwanza mlango wa nondo ulikwaruza sakafu, halafu mnyororo, halafu tak.

"Nimeenda, baba. Chakula kiko kwenye hotipoti. Usimfungulie mtu."

"Nimfungulie kwa nini, kwa meno?"

Lakini viatu vya binti vilikuwa vimeshaanza kushuka ngazi. Ghorofa tatu mpaka chini. Mzee alivisikiliza mpaka vikaisha, kisha nyumba ikamfunika kama sufuria.

Hakuwa amemkosea mtu. Kosa lake lilikuwa kuunguza maharage. Mkewe alipofariki na waombolezaji wakatawanyika, siku moja alibandika maharage mwenyewe, akaenda kukaa sebuleni. Maji yakakauka. Moshi ukatokea dirishani. Majirani wakavunja mlango, wakamkuta ametulia kwenye kiti chake, mikono magotini, kama mtu anayesubiri basi.

"Baba, hukusikia harufu?" binti alimuuliza.

"Niliisikia."

"Sasa mbona hukunyanyuka?"

 Mzee hakuwa mtu wa maneno, na neno alilokuwa nalo lilikuwa limekwama mahali.

Basi binti akahamia kwa baba yake. Mtungi wa gesi ukapelekwa kwa jirani. Mlango wa nondo ukawekwa mbele ya ule wa mbao, na ufunguo wake ukaingia kwenye mkoba wa binti. Jioni moja mzee alimsikia akiongea kwenye simu jikoni, kwa sauti ya chini: "Akili ya baba imeondoka na mama." Mzee, kitandani, akageukia ukuta.

Na kweli kuna kitu kilikuwa kimeondoka. Yeye na marehemu hawakuwa watu wa kupiga soga. Akitoka, alisema "Natoka," na mkewe, hata awe amezama kwenye cherehani, alijibu "Haya." Chakula kikiiva mke aliita "Chakula tayari," naye akanyanyuka. Ndoa yao ilikwenda kwa maneno hayo, wala haikukwama.

Siku ya mapumziko, binti akiwa nyumbani, alikuja Kutu. Kutu alikuwa muuza vyuma chakavu, na rafiki wa mzee tangu enzi za karakana. Huko karakana mafundi walikereza vyuma, wakivizungusha kwenye mashine na kuvimenya kwa kisu, na mzee akazoa maganda, yale yanayojisokota kama nywele. Walimwita Ufagio. Kuigusa mashine hakuruhusiwa hata siku moja, mpaka akastaafu. Kutu alilijua hilo dukuduku. Akatua gunia sakafuni, akalifungua. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya kukereza chuma, ndefu kama mkono, imevaa kutu kila mahali.

"Imechoka, ila haijafa," alisema. "Ilikuwa inanizibia njia tu pale kwangu."

Binti akaja juu. "Mnataka kuniulia mzee kwa umeme?"

"Umeme upi, binti yangu? Hii hata mota haina."

"Inaendeshwa na nini, maombi?"

Mzee alikuwa anatazama pembeni, kwenye cherehani ya miguu ya marehemu. Binti akafuata macho yake. 

"Hiyo ni ya mama."

"Kichwa chake nitakitunza," mzee akasema. "Naazima miguu tu."

Binti akapitisha kiganja juu ya cherehani. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini ukijikata, mashine inarudi ilikotoka siku hiyohiyo."

"Na nisipojikata?"

"Vipi?"

"Ufunguo."

Binti akautazama mkoba wake. "Nione kwanza kama unaweza kujiangalia, baba. Halafu tutaongea."

Mzee akaanza. Kichwa cha cherehani alikiviringisha kwenye shuka, akakilaza juu ya kabati. Mashine akaikaza mahali pa kichwa hicho kwa skrubu. Mkanda wa suruali akaukata, akaushona, akaunganisha gurudumu la chini na mashine. Alipokanyaga, ule mlio ulijaza chumba, taka-taka-taka, uleule wa miaka yote. Akaacha kukanyaga. Akakaa kidogo. Akakanyaga tena.

Kuona watu wakikereza ni kitu kimoja, kukereza mwenyewe ni kingine. Kisu chake kilitafuna chuma badala ya kukimenya, mashine ikatetemeka, na katikati ya kipande ikabaki chuchu isiyokatika. Mchana Kutu alipopita kumsabahi, walizungumza kwenye nondo, mmoja huku, mwingine kule.

"Wafungwa wa siku hizi mnapewa hadi mashine!" Kutu akacheka. "Si ukate mlango utoroke?"

"Nikija kwako utanipa nini? Kutu?"

"Angalau utakuwa nje."

"Ningetaka kukata, ningekata," mzee akasema. "Nataka kufunguliwa."

Kutu akaacha kucheka. "Hebu leta hicho kipande." Kikapitishwa katikati ya nondo. Akakigeuzageuza. "Kisu chako kiko chini, mzee mwenzangu. Kimeinama kama kinaamkia wakubwa. Kinyanyue kitazame kitovu cha chuma. Weka vibati chini yake. Na usikate kwa pupa, menya kidogokidogo."

Mzee akatafuta bati. La kopo la maziwa lilikuwa nene, la kopo la dawa ya viatu likajikunja. Lililofaa lilikuwa la kopo la poda la marehemu. Alilishika muda mrefu kabla ya kulikata. Kisu kikakaa sawa, na chumba kikanukia poda kutwa nzima.

Alichotaka kutengeneza alikuwa nacho chini ya kitanda. Kilikuwa kifuniko cha ile sufuria iliyoungua. Binti alikitupa, mzee akakiokota kwenye ndoo ya taka. Kishikio chake cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka, pamebaki tundu. Kutu akamletea kipande cha shaba kutoka kwenye koki mbovu ya maji, na mzee akakimenya taratibu: kichwa cha mviringo juu, shingo nyembamba chini. Akapitisha shingo kwenye tundu, akaigonga kwa ndani mpaka ikatanuka, ikashika.

Akafurahi. Na katika furaha hiyo akafagia maganda ya shaba mezani kwa kiganja. Maisha yake yote aliyafagia kwa ufagio, siku hiyo akatumia mkono. Kidole gumba kikafunguka kama mdomo.

Binti aliporudi, mzee alikuwa ameficha mkono mfukoni.

"Toa mkono, baba."

"Una nini huu mkono?"

"Utoe."

Kitambaa kilikuwa chekundu. Binti hakugomba, na hilo likawa baya zaidi. "Tulikubaliana. Kesho Kutu aje aichukue." Akaanza kukusanya vitu juu ya meza, akakuta kifuniko. Akakigeuza.

"Si nilikitupa hiki?"

"Nilikiokota."

"Cha nini, na sufuria yenyewe imeshaungua?"

Mzee alitazama sakafu. Akaona akilini mlango wa nondo, mkoba, mashine ikirudi guniani. Hakukuwa na pengine pa kujificha.

"Siku ile nilibandika," alisema. "Nikakaa. Nikawa nasubiri aniite."

"Nani?"

"Mama yako. Sijawahi kuepua mimi. Aliita, nikaja. Harufu niliisikia. Nikasema ataita sasa hivi."

Binti akakalia kiti cha cherehani. Kifuniko kilikuwa mapajani mwake, na kidole chake kikizunguka kile kishikio, kinazunguka tu.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesemaje?"

 Binti akakifunga kile kidole upya.

Asubuhi mtungi wa gesi ulikuwa umerudi. Mzee aliushangaa mpaka kufuli likamtoka akilini. "Bandika maharage, halafu nibipu," binti alisema akitoka. "Usisogee, wala usihesabu saa. Hiyo kazi niachie mimi."

Mzee akabandika.  Akaweka maji ya kutosha, akafunika kwa kile kifuniko, akabipu, akakaa kwenye kiti chake, simu mkononi.

Ikalia.

"Baba, chakula tayari."

Akanyanyuka. Shaba ilikuwa ya moto, akaishika kwa kitambaa. Maharage yalikuwa yameiva.

"Umeepua?"

"Nimeepua."

 "Baba, leo sijafunga kufuli. Hukuona?"

"Sikujaribu."

Akaenda mlangoni na simu yake mkononi. Alisukuma. Nondo zikakwaruza sakafu, na ngazi zikawa mbele yake, tupu, zinashuka. Mguu ukagoma. Alizitamani ngazi hizo kwa muda wote huo, na sasa alisimama kizingitini kama mtu aliyesahau kitu ndani. Akageuka kuelekea ile nyumba nyamavu, mdomo ukatamka wenyewe.

"Natoka."

Hakuna kilichojibu huko ndani. Kisha kiganjani mwake, kwa sauti ndogo:

"Haya."