Vipimo Arobaini vya Gotthelf Zwickler

Gotthelf Zwickler alipiga filimbi katika kasri la mji wetu miaka thelathini na moja, akatunga vipande mia moja na kumi na viwili, karibu vyote takataka. Aliokota nyimbo za wenzake kwenye opera, akazirembaremba, akaandika juu yake jina la mkubwa fulani. Mkubwa akimtumia pete, aliivaa juu ya glavu ili tuione. Mimi nilipuliza zumari nene, lile la sauti ya chini, nyuma yake miaka yote hiyo, na kisogo chake bado kinanichefua.

Mtawala wetu naye alipiga filimbi kila Alhamisi, vibaya mno. Akipotea akaruka vipimo kadhaa vya mapigo ya wimbo, wanamuziki wote tuliruka naye bila kukunja uso, ndiyo desturi. Zwickler alikuwa bingwa wa kuruka.

Kitu kimoja tu alikitunga kwa moyo. Binti yake Walburga alikufa kwa homa ya koo, akazikwa harakaharaka kwa hofu ya maambukizi, bila hata wimbo. Zwickler akaandika wimbo wa polepole, vipimo arobaini, akauweka katikati ya kipande kipya. Siku ya mazoezi niliusikia, na ulikuwa mzuri kweli. Nilijionea aibu mbele ya mtu niliyekuwa namdharau. Mkewe, Bibi Ottilie, alikataa kuusikia nyumbani. Alitaka upigwe mbele za watu, yawe ndiyo mazishi ya mwanawe.

Alhamisi ikafika. Mtawala alipiga vipimo viwili vya wimbo ule, akapiga mwayo, akafunua kurasa za mbele na kuanza sehemu ya mwisho, ya kuchezeka. Zwickler hakusita. Aliruka naye. Na mimi, nisijifanye mtakatifu, niliruka pia.

"Safi, Zwickler! Ila hapo katikati pananisinzisha. Pakate."

"Mtukufu umeona mbali. Hata mimi nilipatilia shaka."

Mnafiki mkubwa! Wiki ile ile akapewa cheo cha Mpiga Filimbi Mkuu.

Mlangoni mkewe alimwuliza, "Wa Walburga uko wapi, baba?"

"Usinitie aibu hapa, mke wangu. Nitakupigia nyumbani."

"Lini?"

Alikuwa ameshageuka kumsalimia karani wa kasri.

Hakumpigia. Kipande kilichapwa bila ile sehemu ya katikati, na nyuma ya karatasi za sehemu hiyo Zwickler aliandika rasimu ya barua ya shukrani kwa Mtawala, kisha zikatumika kuwashia jiko.

Zwickler alipokufa, wiki moja baada ya kumzika, Bibi Ottilie alibisha hodi kwangu.

"Bwana Rehbein, wewe ulikuwepo kwenye mazoezi. Nipigie wa mwanangu."

Karatasi yangu ya zumari nilikuwa nayo bado. Nikapiga vipimo vyote arobaini bila kuruka hata kimoja: pum, pum, kimya, pum. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ndio huo?"

"Hiyo ni sauti ya chini tu, Bibi. Wimbo wenyewe alikuwa nao yeye."