Waya Iliyorejea

Juzi, kwenye uwanja wa ndege wa Kigali, nilikuwa nimekwisha kufunga mkanda ndani ya kindege cha kwenda Mwanza pale kioo cha kuonyesha mawingu ya mvua kilipozimika. Rubani akakipiga kofi, kikawaka. Akashusha mkono, kikazimika. Na mawingu huko mbele yalikuwa meusi kama masizi.

Fundi, mzaliwa wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali ambako l hugeuka r, akaingiza kichwa chini ya dashibodi. "Bosi, nimeiona. Waya iko imeregea."

Alimaanisha imelegea. Lakini afisa wa kutoa ruhusa ya kuruka, aliyesimama mlangoni na muhuri wake, alisoma Tabora, na hachoki kutukumbusha.

"Si imeregea, bwana. Sema imerejea. Kwani ilikwenda wapi?"

"Haikwenda, bosi. Iko hapa hapa, inachezacheza."

"Imerejea, tena inacheza! Sasa tatizo nini?"

Rubani akajaribu kumweleza kuwa waya haijakaza. Afisa akatikisa kidole. "Kiswahili mimi nimekisomea."

Kioo kikawaka, kisha kikazimika mbele ya macho yake.

"Fundi, imeondoka tena?"

"Hapana, bosi. Bado imeregea."

"I-me-re-je-a," akasema kwa subira ya mwalimu, akagonga muhuri. "Haya, rukeni."

Fundi akarudisha bisibisi mfukoni, maana kwa muhuri ule serikali ilikwisha kuitengeneza. Mimi nikafungua mkanda, nikashuka kuulizia basi la Rusumo, mpakani mwa Tanzania.

"Mzee, mbona unashuka?" afisa akashangaa.

Nikamjibu kwa Kiswahili cha Biryogo: "Magoti imeregea, bosi."