Rangi ya Mafuta ya Kibwana

Mzee Kibwana wa Munje alitunza bustani za hoteli Diani hadi akastaafu. Mkewe alipofariki, akaanza kuchora ufuo kwa rangi ya mafuta. Watu humpita kwa nyuma, kimya, utadhani anaswali. Hakuna anayesimama kutazama.

Siku moja jirani yake, Esha, akapiga hodi. Kibwana akakipangusa kiti mara mbili.

"Shikamoo, mzee. Nasikia una rangi ya mafuta."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone."

Esha akaitazama bahari ile ya kuchorwa kama kalenda ya mwaka jana. "Mashallah. Sasa mlango wangu utaupaka lini?"

Kwetu rangi ya mafuta ni ya milango. Kibwana angeweza kumweleza, lakini aliuliza tu, "Rangi gani?"

"Kijani."

Aliupaka siku tatu, kwa brashi nyembamba kama ya wanja, huku Esha akikuna nazi na kumsengenyea mtaa mzima.

Siku ya nne Esha akasema, "Mlango umependeza, mzee. Si umekwisha?"

Kibwana akautazama mlango uliokuwa uking'aa.

"Bado mkono mmoja wa rangi," akasema.